Jimbo la Ukonga

Jimbo la Ukonga ni jimbo la uchaguzi la Bunge la Tanzania katika Wilaya ya Ilala, Mkoa wa Dar es Salaam. Liko upande wa kusini-magharibi wa jiji, ng'ambo ya uwanja wa ndege, kando ya barabara iendayo Pugu. Jimbo linajulikana hasa kwa uchaguzi mdogo wa Septemba 2018, ambapo mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya CHADEMA alijiuzulu, akajiunga na Chama Cha Mapinduzi (CCM), akagombea tena kiti kilekile na kukipata.

Eneo

Ukonga ni sehemu ya pembezoni mwa jiji. Gongo la Mboto, Pugu, Chanika na Kitunda zilikuwa vijiji na mashamba kabla ya watu kuhamia kwa wingi kutafuta viwanja vya bei nafuu. Humo mna gereza kubwa la Ukonga, shule ya Pugu ambako Julius Nyerere alifundisha kabla ya kuacha ualimu kwa ajili ya siasa, dampo la taka za jiji, na kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto ambayo maghala yake ya silaha yalilipuka tarehe 16 Februari 2011 na kuua watu zaidi ya 20. Barabara za mitaa, maji, hati za viwanja na usafiri wa kwenda mjini ndiyo mambo yanayorudi katika kila kampeni, awe anasimama nani na kwa chama gani.

Wabunge hadi 2015

Kwa miaka mingi kiti kilikuwa cha CCM. Milton Makongoro Mahanga alikishikilia hadi 2010, kisha akahamia jimbo jipya la Segerea. Ukonga akachaguliwa Eugen Mwaiposa, pia wa CCM, aliyefariki Dodoma mwezi Juni 2015. Uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia, hivyo kiti kilibaki wazi hadi Oktoba.

Mwaka huo upinzani ulikuwa na nguvu Dar es Salaam kuliko wakati wowote tangu vyama vingi virudi. CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD walikuwa wameungana katika UKAWA na kumsimamisha Edward Lowassa kugombea urais. Mwita Waitara wa CHADEMA alimshinda Jerry Silaa wa CCM, aliyekuwa meya wa Ilala na mtu anayefahamika vizuri jimboni. Kati ya majimbo kumi ya mkoa, UKAWA ilipata sita: Ukonga, Kawe, Ubungo na Kibamba kwa CHADEMA, Kinondoni na Temeke kwa CUF. Mahanga mwenyewe alikuwa ameihama CCM mwaka huohuo na kwenda CHADEMA, jambo ambalo husahaulika kirahisi inapodhaniwa kwamba wahamaji wa Ukonga walielekea upande mmoja tu.

Uchaguzi mdogo wa 2018

Chini ya ibara ya 71 ya Katiba, mbunge anayeacha uanachama wa chama kilichomdhamini anapoteza ubunge wake. Wala hawezi kurudi kama mgombea binafsi, kwa sababu ibara ya 67 inamtaka kila mgombea awe amependekezwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipinga sharti hilo mahakamani kwa karibu miaka 20. Mahakama Kuu ilimpa haki, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaamua kwamba katazo hilo linavunja haki. Sheria haikubadilika. Kwa hiyo mbunge asiyeelewana na chama chake ana njia mbili tu: kuvumilia, au kujiuzulu na kutafuta chama kingine.

Mwishoni mwa Julai 2018 Waitara alichagua njia ya pili. Alieleza kwamba alikuwa na mgogoro na uongozi wa CHADEMA. Hakuwa wa kwanza. Maulid Mtulia wa Kinondoni alikuwa ameondoka CUF Desemba 2017 na kurudi bungeni kwa CCM katika uchaguzi mdogo wa Februari 2018, na Julius Kalanga wa Monduli alijiuzulu siku chache baada ya Waitara. Wengi wao walisema wanaunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, na maneno hayo yakageuka kuwa mzaha mitaani. CHADEMA ilidai kwamba wabunge wake wananunuliwa. CCM na wahamaji wenyewe walikanusha.

Kura zilipigwa tarehe 16 Septemba 2018, siku moja na Monduli. Waitara alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 89 ya kura, zaidi ya kura 77,000, dhidi ya Asia Msangi wa CHADEMA aliyepata pungufu ya 9,000.

Ni rahisi kusoma takwimu hizo kama wapigakura kumfuata mbunge wao alikokwenda, lakini usomaji huo una kasoro. Kura zote kwa pamoja hazikufika 90,000 katika jimbo lenye wakazi mamia ya maelfu, na kampeni ilifanyika wakati mikutano ya hadhara ya upinzani imebanwa tangu 2016. Mtu aliyempigia Waitara mwaka 2015 kwa ajili ya chama na akabaki nyumbani mwaka 2018 haonekani popote katika asilimia. Baada ya uchaguzi huo CHADEMA ilitangaza kutoshiriki chaguzi ndogo nyingine. Abdallah Mtolea wa Temeke alipotoka CUF kwenda CCM Novemba mwaka huo, alipita bila kupingwa, na wakazi wa Temeke hawakupiga kura kabisa.

Waitara aliteuliwa naibu waziri katika Ofisi ya Rais, TAMISEMI, Novemba 2018.

Tangu 2020

Katika uchaguzi mkuu wa 2020 CCM ilichukua majimbo yote kumi ya Dar es Salaam. Ukonga ilikwenda kwa Jerry Silaa, yuleyule aliyeshindwa miaka mitano nyuma, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Ardhi na kisha wa Habari. Waitara aligombea Tarime Vijijini, mkoani Mara, na kushinda. Kinondoni na Temeke nazo zilipata wabunge wengine wa CCM. Kati ya wabunge watatu wa jiji waliohama kati ya 2017 na 2018, hakuna aliyeendelea kuwakilisha jimbo alilohama nalo.

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, likiwemo Kivule lililomegwa kutoka Ukonga. Mwezi uliotangulia Tume ilikuwa imeizuia CHADEMA kushiriki uchaguzi kwa sababu haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Hivyo tarehe 29 Oktoba 2025 Ukonga ilipiga kura ikiwa na eneo dogo zaidi, na chama kilichoshinda jimbo hilo miaka kumi kabla hakikuwa kwenye karatasi ya kura.