Hima ya Umar na Mafunjo ya Ziwa Letu

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunaoishi ukingoni mwa Ziwa Victoria, Bukoba na Muleba, huyaona mafunjo kuwa ni pori tu: maficho ya nyoka, ardhi inayongoja jembe. Sivyo yalivyo. Humo samaki huzaliana na kukulia. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, alipowaangamiza furu wengi, baadhi yao walinusurika mafunjoni, kwa kuwa maji ya humo yana hewa haba asiyoistahimili sangara. Mafunjo pia huzuia tope lisiingie ziwani, na bonde lenye majani hupunguza kasi ya maji ya mvua. Wakazi wa kando ya Mto Kanoni, mjini Bukoba, wanayajua mafuriko.

Kuhifadhi si jambo geni katika Uislamu. Mtume (S.A.W.) aliitangaza Madina kuwa eneo takatifu, miti yake isikatwe wala wanyama wake wasiwindwe.

Baada yake, Sayyidna Umar (R.A.) alimweka Hunayy kusimamia hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Kama alivyopokea Imam Bukhari, alimwusia awe mpole kwa watu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Mwenye ngamia au kondoo wachache amruhusu kuingia; bali ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao, mifugo yao ikifa, watarejea kwenye mitende na mashamba yao. Maskini atakuja na watoto wake kuomba msaada.

Sisi nasi tunazo hima zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwaka 2019 Burigi-Chato, inayoingia Muleba, ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Hatuna ugomvi na mipaka hiyo. Tunauliza tu: ulinzi wake unaanzia kwa nani? Ikiwa magimbi ya mjane yatang'olewa bondeni, na ukuta wa tajiri ukabaki umesimama ndani ya mita hizo hizo, hapo hatujahifadhi mazingira; tumedhulumu kwa jina lake.

Kwa hiyo tunawaomba wenye mamlaka waanze na wenye nguvu, na maskini wamwonyeshe pa kulima kabla ya kumwondoa. Nasi wazazi tusichome mafunjo, wala tusiwatume vijana wetu kuvuta makokoro kwenye mazalia ya samaki. Amana hii tutaulizwa sote, aliyeiharibu na aliyeilinda kwa dhulma.

Wabillahi tawfiq.