Tusiuze Udongo Tukanunua Nguvu

Mwaka 2023 Serikali yetu ilitoa leseni maalumu ya kuchimba madini adimu ya Ngualla, Mkoa wa Songwe, na Taifa likapata hisa 16 kwa mia bila kulipia. Mwaka huohuo yalitiwa sahihi makubaliano ya kuiuzia kampuni ya Shenghe ya China makinikia yatakayotoka huko. Hisa hizo tunaziunga mkono kwa dhati. Lakini hisa katika udongo si hisa katika ujuzi, na ujuzi ndio wenye bei.

Katika udongo wa Ngualla kuna neodimiamu na praseodimiamu. Metali hizi zikiyeyushwa pamoja na chuma na boroni kidogo, hutoa sumaku yenye nguvu kupita zote zinazouzwa duniani. Sumaku hiyo ilibuniwa na Wajapani na Wamarekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na leo imo katika mota za magari ya umeme, katika mitambo ya upepo na katika vipaza sauti. Kama theluthi mbili ya uzito wake ni chuma. Hupakwa nikeli ili isiliwe na kutu, na nikeli hiyo imelala Kabanga, katika wilaya yetu hii ya Ngara.

Wataalamu sasa wanatafuta jambo kubwa zaidi. Sumaku ya madini adimu hushika mwelekeo wake kwa ukaidi. Chuma kitupu kina nguvu nyingi zaidi, lakini hakina msimamo. Mwaka 1991 Wajerumani wawili, Kneller na Hawig, walieleza kwamba punje za aina hizi mbili zikichanganywa zikiwa ndogo mno, kiasi cha nanomita 10 hivi, punje kaidi huishikilia punje ya chuma isiyumbe. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Matunda yake ni nguvu zaidi kwa madini adimu machache zaidi.

Kazi hiyo haijakamilika popote. Punje zikitiwa motoni hukua, na kuzipanga zote zielekee upande mmoja ni shida. Hapo ndipo ilipo nafasi yetu. Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri, na sisi tungoje. Tunawajibu: mashindano ambayo hayajapata mshindi hayajatuacha nyuma. Tena Kagera si mgeni wa chuma. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta Katuruka, karibu na Bukoba, mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zilizotumika miaka 2,000 iliyopita. Aliyesoma chuoni anajua pia kwamba Sura ya 57 ya Kurani imepewa jina la Chuma. Je, wajukuu wa wafua chuma wawe wapakiaji wa magunia tu?

Jirani zetu wa Burundi wametupa fundisho. Mgodi wao wa Gakara ulianza kusafirisha madini adimu mwaka 2017. Mwaka 2021 Serikali yao iliusimamisha kwa kutoridhika na fungu la nchi. Ni afadhali masharti yawekwe sawa kabla ya shehena ya kwanza kuondoka.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa Serikali mambo matatu. Kwanza, mikataba ya Ngualla na Kabanga idai maabara ya metali na sumaku hapa nchini, pamoja na nafasi za masomo, kwani sheria za 2017 zilikwisha kutaka madini yetu yaongezewe thamani nyumbani. Pili, kiwanda cha kusafishia nikeli kimepangiwa Kahama. Hatugombani na ndugu zetu wa huko, ila vijana wa Mbuba, Rulenge na Bugarama wawemo miongoni mwa mafundi, si katika ulinzi wa lango peke yake.

Tatu ni maji. Ruvubu huungana na Kagera pale Rusumo, na Kagera humwaga yote Ziwa Viktoria. Kinachomwagwa Ngara leo, kesho kitawafikia wavuvi wa Bumbire na Goziba. Basi maji yapimwe kabla ya kazi kuanza na baada yake, na matokeo yatangazwe visiwani kwa Kiswahili kinachoeleweka, si kufungiwa katika makabati ya ofisi. Ndugu zetu wa visiwani nao wayadai, maana ni haki yao.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tukiuza udongo kwa tani na kununua sumaku kwa gramu, tutakuwa tumechimba mashimo, hatukujenga Taifa. Muda wa kuamua ni sasa, wakati madini yangali ardhini.