Chumvi ya Kizingo na Kompyuta Sugu

Aishiye Kizingo hahitaji kufunzwa kazi ya chumvi. Nondo za madirisha yaelekeayo bahari huliwa na kutu hata rangi haijazeeka. Kipakatalishi changu cha kwanza (neno hili lililotokana na kupakata nalipenda, ingawa wanafunzi wangu hunicheka) kiliishi miaka 2. Fundi wa Mji wa Kale alipokifungua, alinionyesha kutu ya kijani juu ya shaba.

Ndiyo sababu matangazo ya kompyuta sugu hunivutia. Wauzaji hutaja kipimo cha jeshi la Marekani, MIL-STD-810, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1962. Wasilolitaja ni kwamba kipimo hicho ni mkusanyiko wa majaribio mengi, na kiwanda hujichagulia yatakayofanywa. Jeshi lenyewe haliidhinishi bidhaa za madukani. Kwa hiyo kompyuta yaweza kuangushwa mara 26 ikasalimika, ikaitwa sugu, ilhali haijaingizwa hata mara moja katika jaribio nambari 509, lile la ukungu wa chumvi. Alama ya IP67 nayo huahidi kwamba vumbi halipenyi, na kwamba chombo kitastahimili kuzamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini maji ya jaribio hilo ni maji matamu, si ya Kilindini.

Wasomaji watakumbuka ahadi ya mwaka 2013 ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilifutwa, na kuanzia mwaka 2016 zikagawanywa tabuleti, zaidi ya milioni 1 kwa jumla, kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa ng'ambo. Mjadala wa magazetini ulikuwa juu ya umeme, wizi na bei. Suala la vidole lilipita kimya kimya. Kioo cha kuguswa cha aina iliyoenea hutambua jinsi kidole kinavyobadili uga wa umeme wa kioo chenyewe. Kidole kilichorowa jasho la Februari hukibabaisha, na mtoto hudhani kosa ni lake. Vitufe halisi havina tatizo hilo, lakini chini ya vitufe ndimo chumvi ipendapo kujificha.

Kisha kuna lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Nikiandika ‘ndia’, kama tusemavyo Kimvita, kompyuta yangu huigeuza ‘India’. Nikiandika ‘mato’, hupigiwa mstari mwekundu. Anayetaka kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika mababu zetu kwa karne nyingi, atatafuta herufi za ‘p’ na ‘ch’ katika kibodi ya Kiarabu cha kawaida asizione, ingawa Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, na mwenzake P. J. L. Frankl walichapisha mapendekezo ya mwandiko huo tangu mwaka 1997.

Basi kamati za shule za Pwani zitakapoletewa tena mkataba, zidai matokeo ya jaribio la 509 kwa maandishi. Na kabla ya kutia saini, aitwe mtoto wa Kibokoni, vidole vyake vikiwa na jasho, aandike sentensi 3 za nyumbani kwao mbele ya muuzaji.