Karatasi ya Gari Isitutoshe

Gari lililopitia mnada nchini Japani huwa na karatasi ya ukaguzi. Humo mkaguzi huandika kilomita, mikwaruzo na daraja la gari. Herufi R kwa kawaida hujulisha kuwa liliharibika likatengenezwa. Lakini karatasi hiyo ni shahidi wa siku ya mnada tu. Ajali iliyotokea baadaye haimo, mita huweza kurudishwa nyuma, na nakala yenyewe huweza kughushiwa. Basi kabla ya kutoa akiba ya familia, tulinganishe namba ya chesisi na kilomita, karatasi kwa gari, kisha tumlipe fundi tuliyemchagua wenyewe alikague. Muuzaji naye akumbuke kuwa kuificha aibu ya bidhaa ni khiyana.