Tusingoje Koleo

Mkazi wa Mbagala au Tandale, kama walivyo Watanzania wengi, huenda kwa daktari wa meno pale tu maumivu yanapomnyima usingizi. Kwa kuwa amechelewa, jino hung'olewa. Hivyo ndivyo kung'oa kulivyogeuka kuwa ndiyo tiba, na kuliokoa jino kukahesabiwa kuwa anasa ya wenye fedha. Hesabu hiyo ni potofu.

Tuchukue mfano wa kofia ya jino. Jino lililooza sana au kuvunjika husafishwa, na ikiwa kiini chake kimeharibika, mizizi hutibiwa kwanza. Kisha huchongwa, kipimo huchukuliwa, na fundi wa maabara hutengeneza kofia ya madini au ya kauri ambayo hugandishwa juu yake. Jino lililokuwa la kutupwa laweza kutafuna miaka mingi. Penye pengo, kinyume chake, meno jirani huinamia upande huo, na mwalimu asiye na meno ya mbele hutaabika kutamka herufi "f" na "v" mbele ya wanafunzi wake. Je, hiyo ni anasa?

Ni kweli kwamba kofia ni ghali, maana yahitaji vifaa, maabara na safari zaidi ya moja kwa daktari. Ndiyo sababu wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kuziba ufa tunakujua. Katikati ya miaka ya 1980 ulibuniwa hapa hapa Tanzania utaratibu wa kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba tundu kwa saruji ya meno, bila umeme wala mashine. Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono mwaka 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji ya aina hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Itakuwa aibu dunia ijifunze kwetu, nasi tubaki na koleo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hapana budi mafao yake yalipie kuokoa jino kama yanavyolipia kuling'oa; vituo vya afya vya pembezoni mwa jiji vizibe, na hospitali za rufaa za mikoa ziwe na mafundi wa kofia. Nanyi ndugu walimu, mwelekezeni mtoto mwenye tundu dogo kwa daktari leo, kabla hajaanza kulia.