Ziwa Tanganyika: wavuvi tumewafungia, na joto je?

Leo nataka tuongelee dagaa wa Kigoma, ila tutaanzia kwenye glasi ya maji. Naomba msinikimbie, tutafika tu.

Mtakumbuka tarehe 15 Mei 2024 serikali ilisimamisha uvuvi upande wetu wa Ziwa Tanganyika mpaka tarehe 15 Agosti. Miezi mitatu kamili. Maelezo yalikuwa kwamba samaki wamepungua, kwa hiyo ziwa lipumzike ili wazaliane. Kelele zikaanza. Kuna waliosema wavuvi wamejitakia wenyewe kwa makokoro na nyavu za macho madogo. Wengine wakasema watu wanauliwa kwa njaa. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa waliokaa ufukweni miezi yote hiyo. Ana mtumbwi wake na injini aliyoichukua kwa mkopo, na ziwa lilipofungwa mkopo haukufungwa. Kwa hiyo sisemi haya kama mtu wa pembeni.

Lakini katika mabishano yote yale, redioni na vijiweni, kitu kimoja sikukisikia kikitajwa: maji yenyewe. Yaani watu waligombana kuhusu nyavu, taa na doria, kana kwamba ziwa ni beseni tu la kuwekea samaki.

Sasa ile glasi. Chukua maji ya baridi, jaza nusu. Chukua chai ya rangi ya moto, isiyo na sukari, imwage taratibu juu ya maji hayo ukipitishia mgongo wa kijiko. Utaona chai inakaa juu na maji ya baridi yanabaki chini, mpaka rangi inaonekana imekata. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, ndiyo maana hayazami. Ukitaka yachanganyike lazima ukoroge. Hii tulifundishwa kidato cha pili, tukakariri kwa ajili ya mtihani, tukasahau.

Ziwa Tanganyika ni ile glasi, ila lina urefu wa kama kilomita 670, na pale penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Ni la pili duniani kwa kina, baada ya Baikal la Urusi. Juu kuna tabaka la maji ya uvuguvugu, nyuzi 25 hadi 27 hivi sehemu kubwa ya mwaka. Chini kuna maji ya nyuzi 23 na kidogo. Utasema tofauti ya nyuzi tatu si kitu. Hata mimi nilidhani hivyo.

Kumbe maji yana tabia yake ya ajabu. Hayapungui uzito kwa kiwango kilekile kila yanapopanda nyuzi moja. Maji matamu yanakuwa mazito kabisa yakiwa nyuzi 4. Yakitoka nyuzi 5 kwenda 6 yanakuwa mepesi kidogo sana. Lakini yakitoka 25 kwenda 26, badiliko la uzito ni kubwa kama mara kumi ya lile la kwanza. Nyuzi ni moja ileile, kazi yake ni tofauti. Kwa hiyo huku kwetu kwenye joto, nyuzi moja ya ziada juu inatosha kuyafanya matabaka yashikilie kama mtu aliyefunga mlango kwa komeo. Wenzetu wa nchi za baridi, maziwa yao mengi yanapinduka vuli na masika, kwa sababu juu na chini joto linalingana na upepo unakoroga mpaka chini. Tanganyika halipinduki hivyo. Tangu karne na karne, maji ya chini yako chini.

Hapo ndo mambo yanapoanza kumhusu dagaa. Hewa ya oksijeni inaingia majini kwa juu, kutoka angani na kutoka kwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Kwa kuwa matabaka hayachanganyiki, oksijeni inaishia mita kama 100 upande wa kaskazini na 200 na ushee upande wa kusini. Kuanzia hapo kushuka mpaka chini kabisa hakuna samaki anayeishi. Sehemu kubwa ya ziwa tunalojivunia, kwa samaki, ni jangwa.

Ila jangwa hilo ndo ghala. Kila kinachokufa juu kinazama, kinaoza huko chini, na maji yanayeyusha virutubisho vyake, fosforasi na naitrojeni, yaani mbolea kabisa ya shambani. Mimea midogo ya juu inahitaji mwanga na inahitaji mbolea hiyo. Mwanga uko juu, mbolea iko chini, katikati kuna mlango. Mimea ikikosa mbolea haikui, wadudu wadogo wa majini wanakosa chakula, dagaa anakosa wadudu, na mgebuka anakosa dagaa. (Wageni wakija Kigoma wanasifia maji yalivyo meupe mpaka unaona mawe chini. Ndiyo, yanapendeza. Lakini maji meupe vile maana yake ni kwamba mimea ndani yake ni michache. Uzuri ule ni njaa ya dagaa.)

Anayefungua mlango ni upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba hivi unavuma upepo wa kusini-mashariki, ule wa kiangazi. Unayasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini, pande za Mpulungu Zambia, maji ya chini yanapanda kujaza pengo, na mbolea yake. Upepo ukikatika, ile sukuma inarudi: maji ya matabaka yanayumba ndani kwa ndani kama uji kwenye bakuli ulilolitikisa, mzunguko mmoja ukichukua kama mwezi hivi. Huku juu huoni kitu. Lakini katika kuyumba huko na sisi wa kaskazini tunapata mgao wetu, mwishoni mwa kiangazi.

Sasa ongeza joto la dunia. Daktari mmoja Mbelgiji, Louis Stappers, alipima joto la ziwa hili mwaka 1912 na 1913. Mgebuka kwa jina la kitaalam anaitwa Lates stappersii kwa heshima yake. Ukilinganisha vipimo vya zamani na vya siku hizi, maji ya juu yamepanda kwa kama nyuzi moja, na ya chini chini ya nusu nyuzi. Maana yake pengo limepanuka. Komeo limekazwa, na upepo uleule unafanya kazi ngumu zaidi kukoroga. Mwaka 2003 watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa ile mimea midogo umeshuka kwa kama asilimia 20, na kwamba hiyo ingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa kama asilimia 30. Mwaka 2016 wengine walichimba matope ya chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki na konokono yaliyolala humo. Wakakuta samaki walianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa biashara haujaanza katikati ya karne iliyopita. Wakakadiria pia kwamba, kwenye maeneo waliyoyachunguza, sehemu ya chini yenye oksijeni imepungua kwa asilimia 38 tangu miaka ya 1940.

Tuwe wakweli, ule utafiti wa 2003 ulipingwa. Kuna wataalam waliosema takwimu za samaki zilivurugwa na mambo mengine, mfano meli kubwa za uvuvi za Bujumbura zilizoacha kazi wakati wa vita. Hoja nzito hiyo. Na mimi sisemi wavuvi ni malaika. Nimeona kwa macho yangu kokoro linavutwa ufukweni limebeba vitoto vya samaki ambavyo hata paka anavionea huruma. Uvuvi wa namna ile unaua ziwa, na mwenye kuukataza yuko sahihi.

Ninachosema ni hiki: chakula kikiwa kimepungua kwa sababu ya joto, basi hata wavuvi walewale kwa nyavu zilezile za zamani wanakuwa wengi mno. Unaweza ukafunga ziwa miezi mitatu, samaki wakazaa vizuri tu, halafu vifaranga vikafa njaa kwa sababu mwaka huo upepo ulikuwa dhaifu. Ziwa likifunguliwa na samaki wakakosekana, atalaumiwa nani? Mvuvi tena.

Halafu kuna hili la tarehe. Mei mpaka Agosti ni msimu wa upepo, wakati ambao kusini maji yanapanda. Kwa watu wa Kasanga naona mantiki. Lakini kaskazini mgao unachelewa, unakuja wakati ziwa limeshafunguliwa na kila mtu ameingia majini kwa hasira ya miezi mitatu. Tarehe moja kwa ziwa la kilomita 670 ni rahisi kuisimamia, hasa mkiwa nchi nne mnaogawana ziwa hilo hilo. Sawa. Ila maji hayasomi kalenda. Kwa mtazamo wangu, vipimo vya joto na upepo vingetangazwa redioni kila wiki kama wanavyotangaza bei ya mahindi, na ufungaji ungepangwa kwa kuviangalia hivyo, kanda kwa kanda. Na wenye mikopo wakasimamishiwa marejesho kwa muda huohuo. Hilo la mwisho halihitaji utafiti wowote.

Wiki iliyopita nilimchorea mjomba haya matabaka kwenye mchanga pale mwaloni. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa hilo ni jipya? Maji yakianza kuwa ya kijani tunajua siku chache mbele kuna dagaa." Nikamuuliza kama kwenye mikutano ile ya kabla ya kufunga kuna aliyewauliza wavuvi kuhusu rangi ya maji. Akacheka, akarudi kushona wavu wake.

Wadau wa Kasanga, Kirando na Karema, nyie huko maji yanabadilika lini? Na dagaa wanatokea baada ya siku ngapi? Tuandikieni.