Mwenye Shimo ni Nani?

Katika Masisi, nchi ya ng'ombe na jibini, ng'ombe akitumbukia katika shimo lililoachwa wazi, mwenyewe hanyamazi; humtafuta aliyelichimba. Neno hili ni la kale. Torati, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, yaamuru kwamba aliyeacha shimo lake bila kifuniko amlipe mwenye mnyama.

Lakini kijana wa watu aangukapo katika shimo la koltani huko Rubaya, au la kasiteriti huko Walikale, mara nyingi husemwa maneno haya tu: "Siku yake ilikuwa imefika." Je, mtu ana thamani ndogo kuliko ng'ombe?

Mnamo Januari 2026 dunia ilisikia habari za Rubaya, udongo ulipoporomoka na watu zaidi ya 200 wakatangazwa kuwa wamekufa. Msiba mkubwa husemwa redioni. Mtu mmoja aliyeteleza ukingoni, au aliyekatikiwa na kamba, hatangazwi. Huzikwa, na mjane wake hubaki na watoto. Leo twataka kusema juu ya huyo mmoja.

Sheria ipo. Sheria ya Madini ya Kongo ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamtaka mchimbaji wa mkono awe na kadi na ashike masharti ya usalama. Na shimo lake lisipite kina cha meta 30. Iko pia idara ya serikali, SAEMAPE, ya kuwaongoza wachimbaji wadogo. Lakini hata meta 5 zatosha kumvunja mtu mgongo. Tena mkaguzi hawezi kufika kila kilima, na wakati wa vita hafiki kabisa. Rubaya ilipotwaliwa na M23 mwishoni mwa Aprili 2024, mashimo hayakupungua kina. Basi wa kujibu kwanza ni aliye karibu, yaani mwenye shimo, ambaye wachimbaji humwita PDG.

Wengine watasema: "Mdomo wa shimo haufungwi, kwa kuwa watu hupanda na kushuka." Ni kweli, lakini huo si udhuru. Tutazame jukwaa la michezo ya kuigiza. Ukingo wake wa mbele hauwekewi uzio, watazamaji wasije wakakosa kuona. Hata kanuni za kazi za Marekani za mwaka 2016, zinazodai kinga mahali pa kazi penye kimo cha kama meta 1.2, ziliuacha ukingo huo. Je, waigizaji wameachwa waanguke? Sivyo. Penye uangalifu, ukingo hutiwa alama inayoonekana gizani, na kila mwigizaji huoneshwa mpaka wake kabla ya mazoezi kuanza. Pasipowezekana uzio, pawe na jicho.

Vivyo hivyo machimboni. Mwenye shimo ainue tuta la udongo na magogo kuuzunguka mdomo, maji yasiingie wala mguu usiteleze. Kamba itazamwe kila asubuhi, nayo ifungwe kwenye nguzo iliyozikwa chini sana, si kwenye jiwe. Mtu mmoja akae juu daima, asipewe kazi nyingine yoyote. Mvua ikinyesha, watu watoke, wasirudi mpaka ukingo umekwisha kukaguliwa. Na shimo lililokwisha kazi lifukiwe, maana watoto hupita hapo wakichunga mbuzi na kwenda kuteka maji.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Magogo yapo msituni, na udongo wa tuta ni ule ule uliotolewa shimoni. Kinachohitajika ni mtu wa kukubali kwamba uhai wa wenzake umo mikononi mwake.

Enyi wazazi, mwana wenu akiaga kwenda machimboni, msimwulize tu ataleta kilo ngapi. Mwulizeni: "Ni nani anayekaa mdomoni mwa shimo?" Asipoweza kumtaja kwa jina, asishuke.